Mwanao akipasuliwa kwa roboti

WAZAZI wengi wakisikia ‘roboti’ hudhani mashine ndiyo itakayompasua mtoto wao. La hasha. Mtambo wa da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka wa 2000, huongozwa na daktari aliyeketi kando akitazama kiwambo.

Kutia saini ni haki ya mgonjwa mwenyewe. Ni mtu mzima. Usimjibie maswali ya daktari.

Baada ya upasuaji wa tumbo, vidonda huwa vidogo, na hapo ndipo penye hatari: hujiona amepona, akabeba mtungi wa maji ilhali mshono wa ndani ungali mbichi. Mzuie kwa wiki kadhaa, hata akinuna. Bega likimuuma siku za kwanza, huenda ni gesi iliyojazwa tumboni. Mhimize atembee polepole ili damu isigande miguuni. Ila homa, usaha au mguu mmoja kuvimba si mambo ya kungojea asubuhi, mrudishe hospitalini.