Kamera na Haya ya Mji wa Kale

Apigaye picha kwa kujifurahisha, si kwa ujira, hakosi kazi katika Mji wa Kale wa Mombasa. Baada ya sala ya alfajiri jua hutokea ng'ambo ya Nyali, likaupiga mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, uliojengwa yapata mwaka 1570. Hapo vivuli hulala virefu vichochoroni.

Mnara hauombwi ruhusa. Binadamu je? Wako wanavyuoni wakatazao picha za viumbe, na wako waruhusuo ya kamera, wakisema kuwa, mfano wa kioo, hunasa kivuli tu. Hoja zote nazisikiza. Muuza kahawa hukubali kwa kicheko, akigonga vikombe vyake. Lakini mama wa buibui akigeuza uso, kamera hurudi mkobani. Watalii, ajabu, aghalabu hawaulizi.