Saa Mbili ya Nani? Kijana wa Kompyuta na Adabu ya Mawasiliano

Anayevuka mpaka kutoka Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Tena, sisi tukisema saa mbili asubuhi, kompyuta huandika 8:00. Sasa tuchukulie kwamba programu imemtumia dereva wa lori ujumbe huu: “Nyaraka zako zitakuwa tayari saa 2.” Saa mbili ya nani? Ya Tunduma au ya Nakonde? Ya asubuhi kwa hesabu yetu, au saa nane mchana kwa hesabu ya Kiingereza? Programu yaweza kuwa haina kosa hata moja la hesabu, na dereva akapoteza siku nzima.

Wapo wazazi wanaodhani kwamba kijana anayesomea utengenezaji wa programu hana haja ya lugha, maadamu anaijua hisabati. Dhana hiyo ina hasara. Mwaka 1999 Marekani ilikipoteza chombo chake cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa kuwa programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya ratili, na nyingine ikazisoma kana kwamba ni vya metriki. Kila upande ulidhani mwenzake ameelewa.

Mkoani Songwe somo hilo lina uzito wake. Tangu mwaka 2019, maofisa wa Tanzania na Zambia wanahudumu pamoja katika kituo cha pamoja cha mpakani. Hapo hukutana shilingi na kwacha, Kiswahili na Kiingereza. Anayeandika programu za kuwahudumia watu hao hana budi kutaja tarehe kamili, saa ya nchi gani na fedha ya nchi gani. Asiandike “Kosa limetokea” akanyamaza. Aseme ni kosa gani na mtumiaji afanye nini. Na anapobadili msimbo, amwachie mwenzake maelezo ya sababu, kwani maandishi hubaki yakisema pale mwandishi asipokuwepo.

Lakini si kila jambo hunenwa kwa maneno. Kijana akimwonyesha programu wakala wa forodha aliyemzidi umri, huenda mzee akaitikia, “Sawa, nimeelewa,” kwa kusitiri aibu tu. Basi na autazame mkono wake: je, unasita juu ya kitufe? Macho yanatangatanga? Hapo kijana aelewe kuwa skrini yake ndiyo yenye kasoro, wala si mzee. Naye aiweke simu kando na kumwelekea anayesema, kwani kumsikiliza mtu huku ukichezea simu ni kumwambia kwamba hana thamani.

Iko pia tofauti ya desturi. Kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima. Mwajiri wa ng’ambo anayemhoji kwa video aweza kuiona heshima hiyo kuwa ni woga. Afundishwe kuitazama kamera bila kuiacha adabu yake.

Mafunzo haya huanzia nyumbani. Mzazi amtake mwanawe aandike, kwa mistari mitano, kazi aliyoifanya leo, kisha amsomee bibi yake. Bibi akiuliza swali, mwana asikasirike. Arudi akaandike upya. Atakayemwelewesha bibi yake Vwawa hatamshinda dereva aliyechoka pale Tunduma.