Jinsi ya Kupunguza Ukubwa wa Video Bila Kuharibu Picha

Ukipita Kamakis, pale Ruiru, utaona vijana wa yadi za magari wakizunguka gari, simu mkononi, wakirekodi. Thika nako, muuzaji wa viti pale Makongeni anafanya vivyo hivyo: anapiga video, anamtumia mteja, anangoja jibu. Mteja yuko Nakuru ama Mombasa. Anataka kuona kitu kabla ya kutuma dipoziti, na ana haki. Hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Shida inaanza kwa kutuma. Video ya dakika moja na nusu inakula bando lako, halafu kwa simu ya mteja inazunguka tu bila kufunguka. Wakati mwingine inafika, lakini picha imekuwa ukungu: mkwaruzo wa mlango hauonekani, rangi ya kitambaa haieleweki. Mteja anatuma pesa akidhani ameona kila kitu. Mzigo ukifika, ugomvi unaanza.

Habari njema ni kwamba video inaweza kuwa ndogo na bado ionekane vizuri. Lazima tu ujue ni nini cha kupunguza, na kwa mpangilio gani.

Ukubwa unatoka wapi?

Ukubwa wa video ni hesabu rahisi: data inayotumika kila sekunde, mara idadi ya sekunde. Hiyo data ya kila sekunde huitwa bitireti, na hupimwa kwa megabiti. Biti 8 ni baiti 1, kwa hivyo ukishazidisha, gawanya kwa 8 upate MB.

Tuchukue mfano. Simu inarekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde. Video ya sekunde 90 itakuwa 17 × 90 ÷ 8, yaani karibu MB 191. Sasa kata sehemu zisizo na maana ubaki na sekunde 40, kisha ishushe hadi megabiti 2.5 kwa sekunde. Unapata MB 12.5, na sauti inaongeza kidogo tu. Ni gari lile lile na mlango ule ule, lakini MB zaidi ya 170 zimeondoka.

Anza wakati wa kurekodi

Wengi hurekodi kwa 4K wakidhani ndiyo ubora. Picha moja ya 4K ina nukta karibu milioni 8.3. Ya 1080p ina milioni 2 na kidogo, na ya 720p ina karibu laki 9 na elfu 20. Kwa simu za iPhone, mipangilio ya kamera yenyewe inakuonyesha tofauti: dakika moja ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde ni karibu MB 400, na ya 1080p yenye fremu 30 ni karibu MB 60. Mteja ataitazama kwa skrini ya simu, si kwa ukuta wa sinema. Weka 1080p na fremu 30, inatosha.

Jambo la pili ni mwanga na mkono uliotulia, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Simu haihifadhi kila fremu nzima nzima. Inahifadhi fremu moja, halafu kwa zinazofuata inaandika zaidi kile kilichobadilika. Mkono ukitetemeka, kila kitu kinabadilika. Ukirekodi jioni giza likiingia, picha inajaa chembechembe zinazocheza cheza, na simu inazihesabu hizo pia kama mabadiliko. Data inaishia kwa chembechembe badala ya kuonyesha gari. Kwa hivyo rekodi mchana, egemeza viwiko kwa kitu ama vibane mbavuni, na zunguka pole pole. Ukifika kwa kasoro ama kwa maandishi, simama sekunde tatu.

Kubana: fuata mpangilio huu

1. Kata kwanza. Fungua video kwa sehemu ya kuhariri iliyo ndani ya simu yako, uondoe mwanzo wa kujipanga na mwisho wa kuteremsha simu. Ukipunguza muda, picha haipotezi chochote.

2. Shusha idadi ya nukta. Kutoka 4K shuka hadi 1080p ama 720p. Kwa viti, nguo na viatu, 720p inatosha. Kama kuna maandishi madogo ya kusomwa, baki 1080p.

3. Shusha bitireti mwisho. Programu kama CapCut inakupa nafasi ya kuchagua nukta, fremu na bitireti unapohifadhi video. Kwa 720p, jaribu megabiti 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiona vipande vya mraba mraba vinatokea kwa rangi laini kama ukuta ama boneti, umeshusha sana. Panda kidogo.

Kama una kompyuta, kuna HandBrake, programu ya bure inayopatikana handbrake.fr. Hii inakuruhusu kuchagua ubora badala ya bitireti, kwa namba inayoitwa RF. Namba ikiwa ndogo, picha ni safi zaidi na faili ni kubwa zaidi. Kati ya 20 na 23 ni pazuri pa kuanzia.

Utaulizwa pia uchague kati ya H.264 na H.265. H.265, iliyopitishwa mwaka 2013, inaweza kutoa picha inayokaribiana kwa ubora kwa karibu nusu ya data. Lakini simu za zamani zinaweza kukataa kuicheza. Kama hujui mteja ana simu gani, chagua H.264.

Bana mara moja tu

Kila ukibana video, kuna maelezo ya picha yanayopotea, na hayarudi. Video iliyobanwa, ikatumwa, ikapakuliwa, ikabanwa tena, inaharibika kama fotokopi ya fotokopi. Rudi kila mara kwa ile ya kwanza kabisa.

Kumbuka pia kwamba WhatsApp huibana video yenyewe unapoituma kwa njia ya kawaida. Kabla ya kutuma, chagua HD. Kama unataka ifike vile ilivyo bila kuguswa, itume kama hati. Hapo ndipo kazi yako ya kubana inaonekana: faili ni ndogo, na hakuna mwingine aliyeigusa.

Linda pesa zako

Ukitafuta programu ya kubana video utakutana na nyingi sana, na si zote ni za kuaminika. Programu ya kubana video inahitaji kuona video zako, basi. Ikikuomba ruhusa ya kusoma SMS, ikatae na uifute. SMS zako zina ujumbe wa malipo na namba za siri za kuthibitisha, na mwizi akizipata anaweza kuingia kwa akaunti zako.

Tovuti za kubana video nazo zinafanya kazi, lakini video yako inaenda kukaa kwa kompyuta ya mtu mwingine. Usiweke huko video inayoonyesha kitambulisho, logibuku ama ujumbe wa malipo. Na PIN yako usiiandike popote wala usimpe mtu yeyote, hata akisema ni mhudumu wetu.

Kabla hujatuma

Fungua video iliyobanwa kwa skrini nzima. Tafuta kitu kidogo kabisa ambacho mteja lazima akione: mkwaruzo, mshono, namba, ufa. Kama wewe mwenyewe unakiona, tuma. Kama hukioni, rudi kwa video ya kwanza uongeze bitireti, ama mpe picha ya karibu ya hiyo sehemu.

Nawe mnunuzi, kama video haionyeshi vizuri, usitume dipoziti kwa sababu umeambiwa kuna mwingine anaingoja. Omba video nyingine ya sehemu hiyo pekee, sekunde kumi tu. Muuzaji mkweli ataipiga.

Mwisho, muuzaji asifute video ya kwanza mpaka mzigo ufike na malipo yakamilike. Kukitokea ubishi kuhusu vile kitu kilikuwa, ile iliyobanwa huenda isitoshe. Simu ikijaa, hamishia kwa kompyuta ama kadi ya kumbukumbu. Biashara ikiisha vizuri na pande zote zikiridhika, hapo futa.