Marafiki Sita Mlimani Liru

Likizo ikitajwa katika nchi zetu za joto, aghalabu msikilizaji huwaza pwani, mchanga mweupe na ngalawa yenye tanga. Wakazi wa Nile Magharibi hawana bahari. Wanayo milima miwili ambayo wazee wa Kilugbara hawaachi kuitaja wanaposimulia asili ya watu wao: Mlima Wati, ambao wengine huuita Eti, ulioko Terego, na Mlima Liru, ulioko upande wa Koboko. Kwa masimulizi hayo, mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, walikuja na kuzaa wana waliokuwa mababu wa koo nyingi. Dribidu, ambaye mwili wake wote ulifunikwa na nywele, alifia Wati. Jaki alifia Liru. Vumbi la kiangazi likishuka baada ya mvua, milima hiyo huonekana kutoka mbali sana, na mkulima aliye shambani hujua kwayo upande alioelekea.

Askari aliyehamishiwa Arua kutoka Jinja au Mbarara huenda akakaa miaka mitatu asipande hata mmoja wa milima hiyo. Siku ya mapumziko humkuta kitandani au barazani akicheza karata. Si kosa, maana kazi ya ulinzi huchosha, lakini watoto wake hukua wakiijua kambi peke yake. Ndiyo maana safari ya marafiki sita, waliotoka Arua Jumamosi moja ya mwezi Januari ili kupanda Liru na kurudi jioni, inastahili kusimuliwa, pamoja na yale yaliyokwenda kombo.

Kundi lenyewe lilikuwa hivi: sajini mmoja wa polisi, mwenyeji wa Busoga, mkewe, ambaye ni mkunga, mtoto wao wa kiume mwenye umri wa miaka 12, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Koboko, dada yake mwalimu, fundi wa cherehani, na koplo wa jeshi aliyekuwa katika likizo yake ya mwaka. Walikodi gari moja wakachangia mafuta.

Matayarisho yalifanywa na akina mama usiku wa kuamkia safari, na hapa pana jambo la kujifunza. Chakula kilikuwa muhogo wa kuchemsha, mayai, ndizi, njugu zilizosagwa pamoja na simsim, na samaki wakavu ambao sokoni Arua huitwa angara, waliokaangwa wakawa wakavu kabisa ili wasiharibike kwa joto. Nyama ilikataliwa. Maji yalipimwa lita mbili kwa kila mtu, na jerikeni moja ikawekwa garini. Fundi wa cherehani alikuja na gauni jipya la nailoni, akaambiwa na mkunga alivue.

"Wifi yangu, hilo ni la harusi," alisema mkunga. "Mlimani vaa pamba. Jasho litakuua, na miiba haitakuhurumia."

Waliondoka saa 11:30 alfajiri. Barabara ya kutoka Vurra, mpakani mwa Kongo, kupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilometa 92 na sasa ni ya lami. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka barabara nyingine, ya udongo mwekundu, ambayo msafiri aliimaliza akiwa amegeuka rangi, na ambayo katika miaka ya 1990, wakati wa vita vya waasi, watu walifikiri mara mbili kabla ya kuipita. Mkataba wa amani baina ya serikali na waasi wa UNRF II ulitiwa sahihi tarehe 24 Desemba 2002 huko Yumbe. Mtoto wa sajini, aliyelala tangu Arua mpaka Koboko, hakuyajua hayo, na huenda usingizi wake ndio ushahidi bora wa mkataba ule.

Koboko walikunywa chai. Asubuhi sokoni husikika Kikakwa, ambacho ni jamaa wa Kibari cha Juba, na Kilugbara, na Kinubi, lugha iliyozaliwa katika Kiarabu cha askari wa Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha karne ya 19. Na Kiswahili, bila shaka. Lugha hii ilifika huku zaidi kwa njia ya jeshi, tangu siku za King's African Rifles. Koplo alijifunza Kiswahili chake kambini na hakuona haya kukitumia kuagiza chapati kwa sauti ya gwaride.

Chini ya mlima, mwalimu aliwapeleka kwanza kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji. Mgeni hapandi mlima wa watu bila kubisha hodi, awe na cheo gani. Mwenyekiti aliwapa mwongozo, mzee mmoja mwembamba aliyevaa ndara za tairi na kushika fimbo. Mzee aliwasalimu mmoja mmoja, akatazama viatu vyao, akatikisa kila chupa ya maji ili asikie uzito wake, kisha akaanza kutembea bila kusema lolote.

Saa mbili za kwanza zilikuwa za furaha tupu. Nyasi zilikuwa kavu, nyingine zikimpita mtu mzima kwa urefu, na njia ilipenya katikati yake kama ushoroba. Juu yake mliota mawe makubwa, na juu ya mawe pimbi waliota jua, wakakimbilia mapangoni mtoto alipowapigia mluzi. Walipofika kwenye mwamba mmoja mpana, mzee aliwaonyesha kwa fimbo: magharibi ni Kongo, kaskazini ni Sudan Kusini, na huko ndiko iliko Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya nchi tatu inakutana. Ukungu wa kiangazi ulificha sehemu kubwa ya hayo yote, lakini mtoto alishika fimbo ya mzee akaelekeza kila upande, akiridhika kuwa ameona nchi tatu.

Walikuwa wamekwisha kuuacha mwamba ule, yapata hatua mia mbili juu yake, fundi wa cherehani aliposema ananusa moshi.

Kila kiangazi nyika za Nile Magharibi huchomwa. Wengine huchoma wapate majani mabichi ya mifugo, wengine huwasaka ndezi, panya wakubwa wa nyasi ambao nyama yao hupendwa sana. Sheria ya Uganda ya kukataza uchomaji wa nyasi ni ya tangu mwaka 1974, lakini ndezi ni watamu na kiangazi ni kirefu. Siku ile moto uliwashwa chini upande wa mashariki, na upepo ukaugeuza. Ukawa ukipanda. Ulisikika kabla haujaonekana, mlio kama wa mvua kubwa ikija juu ya mabati.

Sajini, aliyezoea kutoa amri, alitoa amri. "Wote juu! Kileleni, upesi!"

Mzee alisimama njiani na fimbo yake akaikingamisha. "Hapana, afande. Huko juu ndiko moto unakokwenda. Turudi mwambani."

"Mzee, mwamba uko chini, na moto uko chini!"

"Mwamba uko karibu kuliko moto. Kilele kiko mbali kuliko miguu ya mtoto huyu."

Inafaa kusimama hapa kidogo, maana hofu ya sajini ni ya watu wengi. Binadamu akiona moto chini yake hukimbilia juu. Lakini joto la moto hupanda, na linapopanda hukausha nyasi zilizo mbele yake hata zikawa tayari kuwaka kabla ya ndimi kufika. Kwa hiyo moto hupanda mlima mbio, na mara nyingi hushuka polepole. Mtu mwenye mzigo na mtoto hawezi kuushinda mwendo. Usalama uko pale pasipo na kitu cha kuungua: mwamba mtupu, mchanga, au ardhi iliyokwisha kuungua.

Sajini alimtazama mzee, akamtazama mwanawe. Kisha akamchukua mwanawe mgongoni akamfuata mzee kushuka, kuuelekea moto, jambo ambalo bila shaka lilikuwa gumu kuliko amri yoyote aliyowahi kutii. Walifika mwambani wakihema. Mzee aliwaamuru wang'oe nyasi zote zilizoota katika nyufa na kuzitupa mbali. Mkunga alilowesha leso na vitenge, akampa kila mtu cha kufunika pua na kichwa, akamlaza mtoto kifudifudi katikati. Wakajikunyata hapo, migongo ikiwa nje.

Moto ulipita pande zote mbili za mwamba. Haukuchukua muda mrefu, pengine chini ya muda wa kuchemsha birika la chai, lakini joto lilikuwa la tanuri, na cheche ziliwanyeshea. Fundi wa cherehani alizizima kwa viganja mgongoni mwa kaka yake. Baadaye alitoboa kidole katika tundu moja la kitenge chake na kunyamaza. Huenda alikuwa akilifikiria lile gauni la nailoni, kitambaa ambacho hakiungui tu bali huyeyuka na kunata mwilini.

Koplo peke yake ndiye aliyeumia. Kijinga kilimwangukia mkononi, ngozi ikavimba malengelenge. Mwalimu alikumbuka njugu zilizosagwa, mafuta yake yakielea juu, akashauri apakwe.

"Shemeji, mafuta ni ya kukaangia," alijibu mkunga. "Mkono huu unataka maji."

Maji yaliyobaki yalikuwa lita tano kwa watu saba, na jua lilikuwa utosini. Mkunga aliyamimina kidogo kidogo juu ya jeraha, akiyakinga chini kwa sufuria na kuyarudia, kwa muda uliokaribia dakika ishirini. Hakupasua lengelenge hata moja. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti, ingawa mtoto aliyafuata maji yale kwa macho. Mwishowe akafunika mkono kwa kitambaa safi kilichokuwa kimefunga mayai.

Ilibidi wangoje ardhi ipoe. Ndipo mzee, ambaye tangu asubuhi hakuwa na maneno mengi, alipoulizwa na koplo amejuaje mambo ya moto, akaeleza. Oktoba 1980, alipokuwa kijana wa miaka 20, vita viliingia Koboko na Arua. Wanajeshi wa utawala uliopinduliwa mwaka 1979 waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kisha jeshi la serikali ya wakati ule likarudi, na nyumba zikachomwa. Yeye na mama yake walijificha nyikani siku kadhaa, wakijilaza mahali palipokwisha kuungua kwa kuwa hapo moto haukuwa na la kutafuta tena. Halafu wakavuka mpaka kwa miguu kuingia Sudan, kama walivyofanya maelfu na maelfu ya watu wa Nile Magharibi. Alirudi mwaka 1986. Mama yake hakurudi.

"Waliochoma walikuwa akina nani, mzee?" aliuliza koplo.

"Walivaa sare, mwanangu. Na waliokuja kabla yao walivaa sare."

Koplo aliutazama mkono wake uliofungwa. Sajini alifungua bakuli la angara, akampakulia mzee kwanza kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompakulia babu.

Kilele kilikuwa bado juu yao. Mtoto alitaka kwenda, na safari hii sajini hakuamuru, alimwuliza mzee. Mzee akasema njia sasa ni salama kuliko asubuhi, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuwaka. Mkunga akainua chupa moja tupu, kisha ya pili, kisha ya tatu, akazipanga mbele ya mumewe juu ya mwamba. Wakashuka.

Kijijini mwenyekiti alikuwa amekwisha kuwapata waliowasha moto. Walikuwa vijana wanne, mkubwa wao hajafika miaka 17, wamekalishwa chini ya mwembe na ndezi wawili mbele yao. Mwenyekiti alimwuliza sajini kama atawachukua. Sajini alisema eneo ni la mwenyekiti na kituo kiko Koboko. Yeye leo ni mgeni. Lakini aliandika majina yao nyuma ya karatasi iliyofungia chapati, akampa mwenyekiti, akamwita mwanawe mbele ya wale vijana, akawaambia, "Huyu alikuwa juu." Hakuongeza neno. Mdogo wao alikuwa akificha mguu, na mkunga alipoushika na kuugeuza akakuta ameungua unyayo. Kisima kilikuwa karibu, na safari hii maji hayakupimwa.

Walikuwa wamepanga kufika Oraba wakatazame magari ya mizigo yakivuka kwenda Kaya. Saa zilikuwa zimekwisha, na sajini alikuwa na zamu ya usiku. Mzee alipewa angara waliobaki pamoja na bakuli lake, ambalo mkunga alilikumbuka walipofika Maracha, akacheka peke yake gizani. Arua waliingia saa 1:30 usiku, wote wananuka moshi, na mtoto akauliza watakwenda lini tena, maana kilele kile hakijahesabiwa.