Gharama ya Kukokota: Trela, Dizeli na Mtungi wa Maji Masalani

Utangulizi

Katika Kiswahili, kubeba na kukokota ni vitenzi viwili ambavyo maana zake zinakaribiana lakini hazilingani. Anayebeba huuweka mzigo juu ya mwili wake. Anayekokota huuacha mzigo uikanyage ardhi wenyewe, naye akauvuta nyuma yake. Kutokana na kitenzi hicho cha pili tumepata jina mkokoteni. Tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamo wa juujuu ni ya kamusi tu, ndiyo kiini cha swali linaloshughulikiwa na makala hii: gari linapofungwa trela, kwa nini hula mafuta zaidi, na ongezeko hilo hutegemea nini?

Swali hili huulizwa sana Ulaya, Marekani na Australia na watu wanaokokota matrela ya kambi, yaani vijumba vyenye magurudumu, vitanda na jiko, wanapokwenda likizo. Masalani, mji wa Ijara ulioko mashariki ya mto Tana, kusini ya mji wa Garissa, vijumba vya namna hiyo ni nadra. Nyumba inayosafiri, hata hivyo, si jambo geni kwa Wasomali wafugaji: aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka, hujengwa na kubomolewa na wanawake, kisha ikapakiwa juu ya ngamia kuelekea malisho mapya. Hiyo lakini ni nyumba inayobebwa. Kinachokokotwa huko ni maji. Vijiji vilivyo mbali na Tana, kwa mfano upande wa Sangailu na Hulugho, hutegemea malambo, na malambo yanapokauka, maji hufuatwa kwa malori, kwa mikokoteni ya punda na kwa matrela ya matangi. Katika ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, kusafirisha maji kwa gari kulikuwa suala la uhai Kaskazini Mashariki ya Kenya.

Kwa hiyo makala hii itaeleza kwanza kanuni zinazotawala ulaji wa mafuta wa gari lenye trela, kisha itazitumia kanuni hizo kwa mfano wa trela la maji, na hatimaye itahoji kipimo kinachotumiwa kuamua kama trela ni hasara au faida.

Mambo manne yanayokula mafuta

Istilahi za kulielezea jambo hili tunazo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama kani, nishati, msuguano na ukinzani si mageni kwa msomaji wa jarida hili. Kani ikizidishwa kwa umbali hutupa kazi iliyofanyika, na kazi hiyo hulipiwa kwa nishati iliyomo katika mafuta. Lita moja ya dizeli ina takriban megajouli 36 za nishati. Sehemu kubwa hupotea kama joto. Tukikadiria kwamba robo tu ndiyo inayofika kwenye magurudumu, kila lita hutupa megajouli 9 za kazi. Kiasi hicho ndicho tutakachokitumia katika hesabu zote zinazofuata.

Jambo la kwanza linaloila nishati hiyo ni ukinzani wa ardhi. Gurudumu linapobingirika, tairi hubonyea na ardhi hubonyea, na kila kubonyea kuna gharama. Ukinzani huu hukadiriwa kuwa sehemu fulani ya uzito wa chombo. Juu ya lami ngumu ni kama asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito. Juu ya mchanga tifutifu huweza kupita asilimia 15, hata kufikia 20 na zaidi, kwa sababu gurudumu hujichimbia shimo na kila mara huwa linapanda kutoka katika shimo lake lenyewe.

La pili ni ukinzani wa hewa. Huu hautegemei uzito bali ukubwa wa uso unaokabili upepo, umbo lake na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Wahenga walionena kwamba haraka haraka haina baraka hawakuwa na habari ya dizeli, lakini mwenye trela la kambi anaweza kuusoma usemi huo kama kanuni ya fizikia.

La tatu ni mwinuko. Kutoka Garissa hadi Nairobi gari hupanda takriban mita 1,500. Kuupandisha uzito wa kilo 1,400 kimo hicho huhitaji takriban megajouli 20.6, yaani lita 2.3 za dizeli. Ijara ni nchi tambarare, hivyo katika mfano wetu jambo hili halina uzito mkubwa.

La nne ni kusimama na kuondoka. Kila mara dereva anapofunga breki, nishati ya mwendo hugeuka joto na kupotea, kisha hununuliwa upya. Trela la kilo 1,400 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kurudishwa katika mwendo huo mara hamsini, hugharimu kiasi cha lita moja. Barabara yenye mashimo hutoza kodi hiyo kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba.

Trela la kambi na trela la maji

Baada ya kuyatenganisha mambo hayo manne, tunaweza kuona kwamba matrela mawili yenye uzito mmoja yanaweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa.

Trela la kambi ni kijumba kirefu na kipana, na huinuka juu ya paa la gari linalolivuta. Tuchukulie kwamba linaongeza eneo linalokinza hewa lililo sawa na mita mraba 1.5. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hewa pekee itaongeza ulaji kwa takriban lita 1.2 kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita 80 kwa saa, ongezeko ni karibu lita 5. Kwa kilomita 100 kwa saa, ni karibu lita 8. Ardhi ya lami, kwa upande wake, haitozi zaidi ya lita 2.3 kwa trela la kilo 1,400. Ndiyo maana msafiri wa barabara kuu huambiwa apunguze mwendo kabla ya kupunguza mizigo: adui yake ni hewa.

Trela la maji ni kinyume chake. Tangi lake ni fupi, nalo hujificha nyuma ya gari. Tuchukue trela lenye uzito wa kilo 400 likiwa tupu, lililotiwa lita 1,000 za maji. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, jumla ni kilo 1,400. Juu ya lami, ukinzani wa ardhi ukiwa asilimia 1.5, trela hili litakula lita 2.3 kwa kilomita 100, kama lile la kwanza. Juu ya mchanga, ukinzani ukiwa asilimia 15, litakula lita 23. Trela ni lile lile, maji ni yale yale, na gari halikubadilika. Ardhi peke yake imezidisha gharama mara kumi. Hewa haina neno hapa, kwa kuwa katika mchanga mwendo ni mdogo. Adui wa dereva wa Masalani yuko chini ya magurudumu yake.

Kwa kilomita au kwa mtungi?

Tumefikia sasa suala la kipimo. Kwa kawaida ulaji wa mafuta hutajwa kwa kilomita: gari hili linakwenda kilomita kadhaa kwa lita. Kipimo hicho kinamfaa msafiri, kwa sababu shabaha yake ni kufika. Je, kinamfaa anayepeleka maji?

Tuchukue gari la mizigo lenye uzito wa kilo 2,300, linaloweza kubeba tangi la lita 1,000 mgongoni mwake. Kijiji kiko kilomita 50 kutoka mahali pa kuteka maji, na njia yote ni mchanga. Gari linakwenda kuteka likiwa tupu na kurudi limejaa. Kwa ukinzani wa asilimia 15, safari nzima itahitaji takriban lita 45.7 za dizeli. Maji yaliyofika ni mitungi 50 ya lita 20. Kila mtungi umegharimu lita 0.91 za dizeli.

Sasa tulifunge trela letu nyuma ya gari hilo hilo. Ulaji wa safari nzima unapanda hadi lita 60.4. Akitazama kipimo cha kilomita, mkaguzi atasema kwamba trela limeongeza ulaji kwa karibu theluthi moja, naye atakuwa amesema kweli. Lakini maji yaliyofika sasa ni mitungi 100. Kila mtungi umegharimu lita 0.60. Kwa kipimo cha mtungi, ulaji umepungua kwa karibu theluthi moja. Safari ile ile inaweza kuitwa ubadhirifu au uwekevu, kutegemea kile kilichohesabiwa.

Sababu ya tofauti hii si fumbo. Gari lina uzito wake wenyewe, ambao ni lazima usafirishwe kwenda na kurudi hata kama halikubeba tone la maji. Trela tupu lina kilo 400 tu. Kwa hiyo kukokota tangi la pili ni rahisi kuliko kurudia safari kwa ajili yake. Trela lenyewe hutaka lita 14.7 kwa safari hiyo. Safari ya pili ya gari ingetaka 45.7.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, njia halisi huchanganya mchanga, changarawe na udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, hivyo tarakimu hizi ni za kuonyesha uhusiano wa mambo wala si za kutabiri bili ya mafuta. Pili, faida ya trela hudumu ikiwa limejazwa. Likijazwa nusu, kila mtungi wa trela hugharimu lita 0.42 badala ya 0.29, kwa sababu kilo 400 za chuma husafiri bila kujali maji ni kiasi gani. Zaidi ya hayo, maji yasiyojaza tangi hupiga mbele na nyuma na kuliyumbisha gari, isipokuwa tangi liwe na kuta za ndani za kuyatuliza.

Yaliyo mikononi mwa dereva

Zipo njia za kupunguza gharama bila kununua gari jipya. Upepo wa tairi ni wa kwanza. Katika mchanga, tairi iliyopunguzwa upepo kwa kiasi hutandaza mguu wake na kuelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Ikifika kwenye lami, upepo huo huo mdogo huongeza ulaji na kuipasha tairi joto la hatari, hivyo ni lazima ijazwe tena. La pili ni upana wa ekseli. Magurudumu ya trela yakipita katika nyayo za magurudumu ya gari, hukuta mchanga uliokwisha kushindiliwa. Yakipita kando, hulima njia mpya na kulipia upya. La tatu ni mpangilio wa mzigo: uzito wa kadiri ya sehemu moja katika kumi ya trela ukiegemea kiungo cha gari, trela hutulia.

Yasiyo mikononi mwa dereva ni barabara. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, unahusisha barabara ya Lamu, Ijara na Garissa. Kwa hesabu tuliyoiona, kila kilomita ya mchanga inayogeuzwa lami huondoa sehemu tisa katika kumi za gharama inayotozwa na ardhi. Lami kwa mtu wa Nairobi ni starehe na muda. Kwa mama wa kijiji kilicho mbali na Tana, ni dizeli iliyotolewa ndani ya mtungi wake.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba trela huongeza ulaji wa mafuta kwa njia nne, na kwamba njia iliyo kuu hutegemea mahali: hewa katika barabara kuu, ardhi katika mchanga wa Ijara. Imeonyesha pia kwamba ongezeko la ulaji kwa kilomita linaweza kwenda sambamba na upungufu wa ulaji kwa kila mtungi unaofika.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna funzo la istilahi hapa. Tumezoea kulitumia neno matumizi kwa kila jambo linalohusu mafuta. Ni heri tutofautishe ulaji, yaani kiasi kinachoteketea, na uwekevu, yaani kiasi kinachoteketea kwa kulinganisha na haja iliyotimizwa. Gari lenye trela lina ulaji mkubwa na laweza kuwa na uwekevu mkubwa kwa wakati mmoja. Ofisi inayompima dereva wa maji kwa kilomita kwa lita pekee, kama daftari la safari linavyotaka, itamhesabu mbadhirifu siku anapofunga trela, na kumsifu siku anapoliacha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliye mbali na lambo lililokauka huhesabu kilomita, lakini anayeungoja mtungi huhesabu mitungi. Daftari lenye safu ya mitungi iliyofika, karibu na safu ya kilomita, lingewatendea haki wote wawili.