Njia ya Theluji

Mwanamke wa Jambiani aendaye mwambani kutafuta pweza hawezi kutoka saa yoyote aipendayo. Hungoja bamvua, maji yapwe, ndipo aende. Nayo yaanzapo kujaa hurudi, ijapokuwa kikapu chake bado ni chepesi. Akikawia, njia aliyopita kwa miguu huwa bahari. Mlima wenye theluji nao una kupwa na kujaa kwake, na asiyejua saa zake huhatirisha maisha.

Mlima huo ni Kilimanjaro. U karibu na Ikweta, penye jua kali, walakini kilele chake kiitwacho Kibo kina theluji na barafu. Sababu ni hii: kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi. Katika kila mita 1,000 joto hupungua yapata digrii 6. Kibo kina urefu wa mita 5,895. Basi siku ambayo watu wa Mji Mkongwe wa Unguja watoka jasho, maji ya huko juu huganda.

Theluji haiwi hali moja usiku na mchana. Usiku huganda ikawa ngumu kama jiwe. Humchukua mtu asizame, lakini huteleza. Jua likipanda, uso wake hulainika, mguu huzama, na mwendo wa hatua chache humchosha mtu. Kwa hiyo mpandaji mwenye akili huondoka kambini usiku, ili apate kurudi kabla ya giza.

Mwaka 1889 Mjerumani mmoja, jina lake Hans Meyer, alifika Unguja kutengeneza msafara. Alikuwa amekwisha kujaribu mara mbili. Mwaka 1887 barafu ilimzuia. Mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, waliokuwa wakipigana na Wajerumani pwani, akaachiliwa kwa fidia. Mara hii alikuja pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, fundi wa kupanda milima. Wakapita Mombasa, wakaenda kwa miguu mpaka Marangu kwa Mangi Mareale. Wapagazi wengi wakabaki chini. Katika kambi ya juu wakakaa watu watatu tu: wale Wazungu wawili na Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Tarehe 3 Oktoba, kabla ya mapambazuko, Wazungu wale wakaondoka, na Mwini Amani akabaki kulinda kambi. Walipofika penye barafu, wakaikuta imesimama kama ukuta. Purtscheller akachonga vidato kwa shoka, na kila kidato kilitaka mapigo yapata 20. Ilipokaribia saa 8 mchana wakafika ukingoni mwa kasoko. Hapo wakaona kwamba mahali palipo juu kabisa ni upande wa kusini, mwendo wa saa moja na nusu tena. Lakini theluji ilikuwa imelainika, na nguvu zao zilikuwa zimekwisha. Kama wangeendelea, usiku ungewakuta juu ya barafu. Wakageuka, wakarudi kambini.

Wakapumzika. Tarehe 5 wakalala katika pango lililo juu zaidi, ili kupunguza safari ya kesho yake. Saa 9 usiku wakaanza kupanda. Vile vidato walivyochonga siku ya kwanza vilikuwa vingalipo. Basi kazi ya siku ile haikupotea. Saa 3 kasoro robo asubuhi wakawa ukingoni, na saa 4 na nusu wakasimama kileleni. Ilikuwa tarehe 6 Oktoba 1889, na siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40. Siku hizi kilele hicho huitwa Uhuru.

Barafu waliyoichonga imepungua sana tangu siku zile, maana joto la dunia limeongezeka. Lakini usiku wa Kibo ungali na baridi kali, na wapandaji wengi huondoka usiku vivyo hivyo.

Wale wawili hawakushindwa siku waliporudi. Siku hiyo ndiyo iliyowapatia ya pili. Mwambani na mlimani, ajuaye saa ya kurudi ndiye apataye kwenda tena.