Nabongo Mumia: Mtawala Ambaye Nangina Haikumchagua

Je, msomaji, unafahamu kwamba kabla ya Aprili 1902 Nangina na Busia yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda? Mtu aliyevuma sana katika magharibi hii ya Kenya enzi hizo ni Nabongo Mumia wa Wanga.

Mumia alirithi kiti cha babake, Shiundu, mwaka wa 1882. Makao yake, tunapopaita Mumias leo, yalikuwa kituo cha misafara ya Waswahili waliotoka pwani wakitafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson alipita hapo mwaka wa 1883. Mwaka wa 1885 akapita Askofu James Hannington, aliyeuawa mbele ya safari, huko Busoga. Mumia alikuwa mwerevu. Aliona mapema kwamba mwenye bunduki ndiye wa kufanywa rafiki. Basi Waingereza walipoweka kituo kwake, aliwapokea, na mwaka wa 1895 wapiganaji wake walikwenda nao kuwapiga Wabukusu.

Fadhila zikalipwa. Mwaka wa 1909 alitangazwa Chifu Mkuu, na jirani zake ambao kwa sehemu kubwa hawakuwahi kuwa raia wa Wanga wakaletewa watawala kutoka kwa jamaa zake na watu wake. Wasamia wa huku Nangina, Wakhayo, Wamarachi na hata Wateso wa upande wa Malaba wakajikuta wakiamriwa na wageni. Hao ndio waliosimamia kodi ya kibanda na kuwatoa vijana kwenda kufanya kazi za serikali. Sisi tumewapigia kura magavana wetu tangu 2013, na gavana akituudhi tunamngoja kwenye sanduku. Babu zetu walikuwa na sanduku gani?

Walinung'unika, wakapinga, na hatimaye wakapata machifu wa damu yao.

Nyota ya Mumia nayo ilikuwa imeanza kufifia. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, misafara ikakoma kupita kwake. Mwaka wa 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega, na mwaka wa 1926 mzee akastaafishwa. Alifariki mwaka wa 1949, akiwa ametazama utawala wa kigeni ukija na kumweka kando. Kiti cha Unabongo kingali na wenyewe hadi leo. Kile cha Chifu Mkuu hakikupata mrithi.